Kisukari kwa Chakula na Mwendo: Kinachowezekana, Kisichowezekana na Pa Kuanzia

Ukishajulikana kuwa una kisukari, ushauri hukufikia hata kabla dawa hazijaanza kufanya kazi. Jirani atakuambia uache ugali kabisa. Shemeji atakuletea unga wa mizizi. Mwingine atakuapia kwamba ndugu yake alipona kwa kunywa maji ya bamia. Katikati ya sauti hizo zote kuna swali la haki linalostahili jibu la kueleweka: je, kisukari kinaweza kudhibitiwa kwa chakula na mtindo wa maisha?

Jibu ni ndiyo, kwa watu wengi wenye kisukari cha aina ya pili, tena kwa kiasi kikubwa kuliko wanavyoambiwa. Lakini ndiyo hiyo ina masharti mawili. La kwanza, chakula na mazoezi vichukuliwe kama tiba kamili: vina kiasi, vina ratiba, na matokeo yake yanapimwa kwa mashine, hayakisiwi kwa jinsi mwili unavyojisikia. La pili, usiache wala kupunguza vidonge au insulini kwa uamuzi wako peke yako. Ukiyashika masharti hayo, yafuatayo yatakusaidia kuanza.

Jua kwanza una aina gani

Kisukari cha aina ya kwanza hutokea pale kinga ya mwili inaposhambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Mara nyingi huwapata watoto na vijana, ingawa mtu mzima naye anaweza kukipata. Mgonjwa huyu hana insulini ya kutosha kumweka hai, na hakuna chakula, mti wala zoezi linaloweza kuirudisha. Kabla ya insulini kupatikana, madaktari waliwapa watoto hawa chakula kidogo mno ili kuwaongezea miezi tu ya kuishi. Januari 1922, mjini Toronto, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa sindano ya kwanza ya insulini, na tangu hapo ugonjwa huo ukaacha kuwa hukumu ya kifo. Kwa hiyo mtoto wako akiwa na aina ya kwanza, chakula bora kitamsaidia kuishi vizuri pamoja na insulini. Atakayekwambia umwachishe sindano anahatarisha maisha ya mwanao.

Kisukari cha aina ya pili ndicho cha watu wengi. Hapa insulini ipo, lakini mwili hauiitikii ipasavyo, na kongosho linazidi kuchoka kadiri linavyolazimika kutengeneza nyingi zaidi. Mafuta yanayojikusanya ndani ya tumbo, hasa kwenye ini na kongosho, yana mchango mkubwa. Kwa sababu hiyo, kupungua uzito na kuutumikisha mwili kunagusa chanzo chenyewe cha ugonjwa.

Kuna pia kisukari cha ujauzito, ambacho mara nyingi huondoka baada ya kujifungua. Mama aliyewahi kukipata hubaki katika hatari kubwa zaidi ya kuja kupata aina ya pili, hivyo apimwe tena wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua na aendelee kupimwa kila baada ya muda. Mwongozo huu unamfaa sana.

Tarakimu za kukumbuka ni hizi. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 au zaidi kwa kipimo cha mmol/L, au HbA1c ikiwa asilimia 6.5 au zaidi, hicho ni kisukari. Kama huna dalili, kipimo hurudiwa ili kuthibitisha. HbA1c huonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Ikiwa kati ya asilimia 5.7 na 6.4, uko ukingoni, na hapo ndipo mabadiliko ya maisha yana nguvu kuliko wakati wowote. Mashine yako ikisoma kwa mg/dL, gawanya kwa 18 upate mmol/L. Mwenye selimundu au upungufu wa damu amweleze daktari, kwa maana hali hizo zinaweza kupotosha HbA1c.

Ushahidi unasema nini

Tafiti zilizojibu swali letu ni kubwa na zimefanyika katika mataifa yenye vyakula na desturi tofauti. Huko Da Qing, China, kuanzia 1986, watu waliokuwa ukingoni walifundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi, wakafuatiliwa kwa miongo mitatu. Waliofundishwa walichelewa kupata kisukari na walipata madhara machache zaidi. Finland ilitoa matokeo yake 2001 na Marekani 2002, na zote mbili zilifika palepale: hatari ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58 kwa waliobadili maisha. Katika utafiti wa Marekani kulikuwa na kundi jingine lililopewa vidonge vya metformini, nalo likapata punguzo la asilimia 31. Lengo la waliobadili maisha halikuwa la ajabu: kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi kama ya kutembea kwa haraka dakika 150 kwa wiki.

Je, aliyekwisha kupata ugonjwa? Nchini Uingereza, madaktari Roy Taylor na Mike Lean waliongoza utafiti uitwao DiRECT, uliowahusu watu wenye uzito uliozidi ambao walikuwa na kisukari cha aina ya pili kwa muda usiozidi miaka 6 na hawakuwa wakitumia insulini. Walipewa chakula maalumu cha takriban kalori 850 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, kisha wakarudishwa taratibu kwenye chakula cha kawaida. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 46 walikuwa na sukari isiyofikia kiwango cha kisukari bila kutumia dawa yoyote ya kisukari. Miongoni mwa waliopungua kilo 15 au zaidi, walikuwa asilimia 86. Baada ya miaka miwili, waliobaki katika hali hiyo walikuwa asilimia 36.

Soma tarakimu zote mbili, 46 na 36, kwa makini. Zinakupa tumaini, na zinakueleza pia kwamba ugonjwa ulikuwa umetulia tu. Uzito uliporudi, nao ulirudi. Wataalamu huita hali hiyo utulivu wa ugonjwa, na huitambua pale HbA1c inapokaa chini ya asilimia 6.5 kwa angalau miezi mitatu bila dawa. Aliyeifikia bado anahitaji kupimwa maisha yake yote. Tena, usijaribu mlo wa kalori chache kiasi hicho bila daktari, kwa kuwa dawa zako zitahitaji kubadilishwa tangu siku ya kwanza.

Panga sahani upya

Chakula chochote chenye wanga huishia kuwa sukari ndani ya damu: ugali, wali, chapati, mkate, viazi, mihogo, ndizi za kupika, magimbi, tambi. Katika meza zetu nyingi wanga hujaza sahani na vingine vyote huja kuusindikiza. Hapo ndipo pa kuanzia, na huhitaji kununua chakula chochote cha kigeni.

Chukua sahani bapa ya wastani. Nusu yake ijaze mboga: mchicha, matembele, kisamvu, sukuma wiki, kabichi, bamia, mlenda, bilinganya, nyanya chungu, kachumbari. Robo weka chakula cha kujenga mwili: maharage, kunde, choroko, dengu, dagaa, samaki, yai, kuku au nyama isiyo na mafuta mengi. Robo iliyobaki ndiyo ya wanga. Kwa ugali, kiasi kisizidi ngumi yako iliyofumbwa. Kwa wali, kikombe cha chai kisichojaa. Chapati ni moja. Kiazi kitamu ni kimoja kisichozidi ngumi.

Mambo manne yatakusaidia kushika mpango huo.

Kwanza, chagua wanga wa aina moja kwa mlo. Wali pamoja na chapati na viazi vya kwenye mchuzi ni wanga mara tatu, hata kama kila kimoja ni kidogo.

Pili, anza na mboga na maharage au samaki, kisha ndipo umalizie ugali au wali. Mpangilio huo unapunguza kasi ya sukari kupanda baada ya kula, na hauna gharama yoyote.

Tatu, pakua kabla ya kula. Mnapokula pamoja kwenye sinia, ni vigumu kujua umekula kiasi gani. Chota fungu lako kwenye sahani yako, keti na wenzako, kuleni pamoja.

Nne, jali aina ya unga lakini usidanganyike nayo. Dona ina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe, na mtama na ulezi ni nafaka nzuri. Hata hivyo, watu wengi wakishaambiwa unga fulani unamfaa mwenye kisukari hula maradufu, na sukari hupanda vilevile. Uji nao utazame kwa uangalifu: nafaka iliyosagwa laini na kupikwa ikawa ya kunywa humeng'enywa upesi, na kikombe kikubwa cha uji wa ulezi kinaweza kupandisha sukari kuliko kiazi kitamu kidogo chenye ganda lake.

Mafuta nayo yana hesabu yake. Hayapandishi sukari haraka, lakini huongeza uzito. Chipsi, maandazi, vitumbua na sambusa hubeba wanga na mafuta kwa pamoja. Tui la nazi litumike jepesi, na kwa siku chache za wiki. Chumvi isizidi kijiko kidogo kimoja kwa siku kwa jumla, kwa sababu shinikizo la damu na kisukari huandamana na kwa pamoja huumiza figo na moyo.

Siku moja inaweza kwenda hivi. Asubuhi: chai yenye tangawizi au mdalasini isiyo na sukari, yai la kuchemsha, kiazi kitamu kidogo na kipande cha parachichi. Mchana: ugali wa dona kiasi cha ngumi, dagaa na mchicha wa kutosha. Alasiri: chungwa moja, au karanga za kujaa kiganja. Jioni: choroko, kabichi iliyopikwa na karoti, na wali nusu kikombe. Chakula hiki kinapatikana sokoni Kariakoo, Kongowea au gulio la kijijini, na mara nyingi ni nafuu kuliko chipsi kuku na soda. Mwenye ugonjwa wa figo asichukue orodha hii bila kumwuliza mtaalamu wa lishe, kwani kiasi chake cha protini na baadhi ya matunda na kunde hupangwa tofauti.

Vinywaji: hatua ya haraka kuliko zote

Ukitaka kubadili jambo moja tu leo, badilisha unachokunywa. Chupa ya mililita 300 ya soda ya kola ina takriban gramu 30 za sukari, sawa na vijiko vidogo saba hadi vinane. Inaingia kwenye damu kwa dakika chache na haikushibishi. Chai yenye vijiko viwili, ikinywewa mara tatu kwa siku, ni vijiko sita.

Juisi ya matunda halisi haina unafuu unaodhaniwa. Glasi moja hukamuliwa kutoka matunda kadhaa ambayo usingeyala yote kwa mara moja, na nyuzinyuzi zake nyingi huachwa kwenye chujio. Juisi ya miwa ni sukari tupu iliyoyeyuka. Dafu lina sukari pia, hivyo lihesabu. Asali, sukari guru na sukari ya rangi ya kahawia hupandisha sukari ya damu kama sukari nyeupe.

Tunda lenyewe limeruhusiwa. Kula kipimo kimoja kwa wakati: chungwa moja, kipande cha papai, nusu ya embe la wastani, ndizi mbivu moja ndogo. Kwa chai, punguza nusu kijiko kila wiki hadi uache, ulimi huzoea. Maji ndiyo kinywaji chako cha msingi.

Pombe ina hatari ya pekee kwa anayetumia insulini au vidonge vya jamii ya glibenklamidi: inaweza kushusha sukari mno, hasa ikinywewa bila chakula, hata saa kadhaa baadaye usiku. Sigara huharibu mishipa ileile ambayo kisukari kinaiharibu. Kuiacha ni sehemu ya tiba.

Mwendo una dozi yake

Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini isipoitikiwa vizuri, na faida hiyo huendelea kwa siku moja hadi mbili. Ndiyo sababu inashauriwa usipitishe zaidi ya siku mbili mfululizo bila mazoezi.

Lengo ni dakika 150 kwa wiki za mwendo unaokufanya uheme kidogo huku ukiweza kuongea, yaani nusu saa kwa siku tano. Kama nusu saa ni nyingi, tembea dakika 10 hadi 15 baada ya kila mlo mkuu. Wakati huo ndio sukari inapopanda, na mwendo huo huishusha. Shuka kituo kimoja kabla ya kwako. Nenda dukani kwa miguu badala ya kumwita bodaboda. Anayelima, kuchota maji au kusukuma mkokoteni kila siku tayari anafanya mazoezi, na kazi yake kubwa iko kwenye sahani.

Ongeza mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki: kuinuka na kuketi kwenye kiti mara kumi, kusukuma ukuta, kunyanyua madumu ya maji. Na usikae kitako kwa saa nyingi bila kunyanyuka, hata kama asubuhi ulitembea.

Linda miguu. Kisukari kinaweza kupunguza hisia hata ukakanyaga msumari usijue. Vaa viatu vilivyofunika vidole, ving'ute kabla ya kuvaa, kagua nyayo na katikati ya vidole kila jioni. Usitembee peku wala kuota moto miguu. Kidonda chochote, hata kidogo, kipeleke zahanati mapema. Mwenye kidonda cha mguu, maumivu ya kifua au tatizo la macho amwone daktari kabla ya kuanza mazoezi.

Uzito: pungua kwa kiasi, au usipungue kabisa

Kwa mwenye kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na ushei. Kiasi hicho tu kinaboresha sukari, shinikizo la damu na usingizi. Pima mzunguko wa kiuno pia, kwa kuwa kitambi kinaeleza hatari kuliko mizani peke yake. Hatari huanza kuongezeka kwenye sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke. Lala saa saba au zaidi ukiweza, maana usingizi mchache huongeza njaa na kuufanya mwili uzidi kuikaidi insulini.

Si kila mwenye kisukari anahitaji kupungua. Wapo wembamba wengi wenye ugonjwa huu. Ukiona unakonda bila kukusudia, rudi kliniki haraka: huenda unahitaji insulini, au una kifua kikuu, ambacho huwapata wenye kisukari mara mbili hadi tatu zaidi ya wengine.

Acha mashine iamue

Miili yetu haifanani. Muhogo uleule unaweza kumpandisha mmoja na usimguse mwingine. Njia ya kujua ni kupima kabla ya kula, kisha saa mbili baada ya kuanza kula. Kwa watu wazima wengi, lengo ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula na chini ya 10 baada ya kula, na HbA1c chini ya asilimia 7. Mzee au mwenye maradhi mengine anaweza kupangiwa lengo jepesi zaidi.

Vijiti vya kupimia ni ghali, basi vitumie kwa mpango. Chagua mlo unaoula mara nyingi, upime kabla na baada kwa siku mbili. Ikizidi 10, punguza wanga kwa theluthi moja, ongeza mboga, tembea baada ya kula, kisha upime tena. Ukishapata jibu la mlo huo, hamia mwingine. Andika yote kwenye daftari: tarehe, saa, ulichokula, tarakimu. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo ya mdomo. Kama huna mashine, uliza kliniki yako ya kisukari siku za kupimwa, na uombe HbA1c kila miezi mitatu hadi sita.

Sukari ikishuka mno

Hili lijue kabla hujapunguza chakula. Ukitumia insulini au glibenklamidi, kisha ukapunguza wanga na kuongeza mazoezi, dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa kupita kiasi. Mweleze daktari mpango wako kwanza ili aipunguze. Metformini peke yake ni nadra kushusha sukari namna hiyo.

Dalili ni kutetemeka, jasho la baridi, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa. Ikiwa sukari iko chini ya 3.9, au huwezi kupima na dalili zipo, kunywa vijiko vidogo vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima, rudia kama bado. Kisha kula chakula. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Wafundishe hayo watu wa nyumbani.

Harusini, msibani na mwezi wa Ramadhani

Mipango mingi ya lishe huvunjika mbele ya ukarimu. Mwenyeji akifungua soda, unaona haya kukataa. Sahani ya pilau ikija imejaa, unaogopa kuonekana unaringa. Waambie watu. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Sema tu kwamba una kisukari na unaomba maji, na mara nyingi utagundua kwamba kuna mwingine mezani aliyekuwa akingoja mtu wa kwanza kusema.

Nyumbani, usipikiwe sufuria yako peke yako. Chakula kilichoelezwa hapa kinamfaa kila mtu, na ndugu zako wa damu nao wako katika hatari kubwa kuliko wengine. Familia ikibadilika pamoja, mgonjwa hadumu katika upweke wa kula vyake pembeni, na watoto hupata kinga.

Kwa Mwislamu anayetaka kufunga, aende kliniki wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhani. Wapo watakaoshauriwa wasifunge, hasa wengi wa wenye aina ya kwanza, wajawazito wenye kisukari na wenye figo zilizoathirika. Atakayefunga apime sukari mchana. Wanazuoni wengi wanasema kuchoma kidole hakubatilishi saumu. Afungue mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.7. Wakati wa futari aanze kwa maji na tende moja au mbili, kisha supu na mboga, na achague kimoja kati ya magimbi, mihogo, viazi na tambi. Kaimati na uji wenye sukari aviweke mbali. Daku aile karibu na alfajiri, asiiruke.

Kuhusu mizizi, majani na mbegu

Mlonge, uwatu, karela na mdalasini vinatumika sana, na baadhi yake vimechunguzwa. Kuvila kama chakula kwa kiasi cha kawaida hakuna ubaya kwa wengi. Lakini hakuna hata kimoja kilichothibitishwa kwa kiwango cha kuchukua nafasi ya metformini au insulini, na baadhi vikiunganishwa na vidonge vinaweza kushusha sukari kupita kiasi. Ukiamua kuvitumia, mwambie daktari na uendelee na dawa. Yeyote anayekuuzia kitu kwa sharti la kuacha dawa zako, achana naye.

Chakula kisipotosha

Wapo watu watakaofanya yote haya kwa uaminifu na sukari yao ibaki juu. Wasijilaumu. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa 1998, ilionekana kwamba kongosho huendelea kudhoofika kadiri miaka inavyopita: baada ya miaka 9, karibu robo tu ya waliotumia njia moja ya tiba ndio waliobaki chini ya HbA1c ya asilimia 7. Kuongezewa kidonge, au kuanza insulini, ni sehemu ya kawaida ya ugonjwa wenyewe. Takwimu za utafiti huohuo zilionyesha kwamba kila asilimia moja ya HbA1c inayopungua iliambatana na upungufu wa asilimia 37 wa madhara ya mishipa midogo ya macho, figo na neva. Macho yako hayajali kama sukari ilishuka kwa mchicha au kwa sindano. Yanachohitaji ni ishuke.

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona sukari imekaa juu ya 15 huku unatapika, unapumua kwa nguvu na haraka, pumzi ina harufu ya matunda, au umechanganyikiwa. Na hata ukiwa mzima, pima macho na figo kila mwaka, na shinikizo la damu kila unapohudhuria kliniki.

Anza wiki hii

Siku ya kwanza, acha soda na juisi. Siku ya pili, panga sahani ya mchana kwa nusu, robo na robo. Siku ya tatu, tembea dakika 10 baada ya chakula cha jioni, na uendelee hivyo kila siku. Siku ya nne, pima mlo mmoja kabla na baada, uandike. Siku ya tano, kaa na familia mkubaliane mtakavyopika. Siku ya sita, kagua miguu, viatu na akiba ya dawa zako. Siku ya saba, panga tarehe ya kliniki na uandike maswali utakayouliza, la kwanza likiwa: nikila na kutembea hivi, dawa zangu zibaki kama zilivyo?

Rudia wiki ya pili ukiongeza mlo wa asubuhi na dakika za mwendo. Baada ya miezi mitatu pima HbA1c. Ikiwa imeshuka, umejua kinachokufaa, endelea nacho. Ikiwa haijashuka, rudi kwa daktari na daftari lako mpange hatua inayofuata pamoja.